Sweta la Kamachumu

Lami ya Chanika ina mahali inapochoka. Haikatiki ghafla, inaanza kwa kutoboka, inapungua upana, kisha inajiachia kuwa vumbi, na hapo hapo ndipo kilipo kijiwe cha Meno. Jina limetoka kwenye egemeo la benchi, kipande cha bango la mgombea mmoja aliyebwagwa kwenye kura za maoni za chama chake. Mvua ilikula macho, jua likala pua, yakabaki meno, safu nzima, yanacheka nyuma ya migongo ya watu tangu kahawa ya kwanza mpaka ya mwisho. Alasiri ile benchi lilikuwa limejaa, na kati ya waliokaa mmoja alikuwa haachi kuangalia barabara, kama mtu anayesubiri karandinga. Huyo ni Brightson, ambaye kijiwe kinamwita Mubashara.

Aliyekuwa akimsubiri ni Demetria, karani wa shule moja kule Pugu. Baba yake alifariki Kamachumu, mkoani Kagera, wiki ile. Pale kijiweni hawaiiti zaidi ya hivyo: wiki ile. Ni wiki ya uchaguzi, mtandao ulipozimwa, mabasi yakasimama na watu wakaambiwa wakae ndani. Demetria hakwenda kuzika. Tegemeo lake lilikuwa Brightson, ambaye kazi yake ni kurusha misiba ya mikoani mubashara, walioko mbali wazike kwa macho. Mtandao ukazimwa, Demetria hakuona kitu. Uliporudi alipiga simu, na Brightson, kwa mazoea ya kazi, akamjibu palepale: "Usijali dada, rekodi ipo." Alipokata simu ndipo alipokumbuka. Rekodi haikuwepo. Na leo mwenyewe anakuja kuichukua.

— Mubashara, kunywa bana. Kahawa ikipoa mkononi mwako watu watasema mie ndiye sijui kupika.

Aliyesema ni Mzee Mwinshehe, mwenye birika, mwenye mkaa, na kwa hiyo mwenye kijiwe.

— Sina hamu, mzee wangu.

— Anakuja saa ngapi huyo dada? aliuliza Talha.

— Akitoka kazini.

— Utamwambiaje?

— Ningejua, ningekuwa nimekaa hapa nasikiliza nyie?

Talha alicheka kidogo, akaacha. Ni fundi simu, na kijiwe kinamwita Faivuji, kwa sababu hakuna homa, ukame wala ndoa iliyovunjika ambayo hajawahi kuieleza kwa mawimbi ya mtandao.

— Mwambie faili limekorapti, alisema. Sema tuko kwenye recovery, tunalirudisha, inachukua muda. Kila mtu anaogopa neno recovery, hakuulizi zaidi.

— Faivuji, faili halijazaliwa. Litakufaje?

— Si nakutafutia njia?

— Njia unayonitafutia ni ya mtu aje hapa kila Ijumaa kuuliza baba yake amefika asilimia ngapi.

Ng'ambo ya barabara mlango wa duka la vifaa vya ujenzi ulikuwa wazi, na mwenye duka alikuwa hapa, mwisho wa benchi, kikombe mkononi, jicho dukani. Ni Taher, Bohora, kofia yake nyeupe yenye ukingo wa dhahabu haijawahi kuonekana na vumbi ingawa anauza saruji. Kijiwe kinamwita Bawaba. Anasema neno moja pale wenzake wanaposema kumi.

— Kisheria lakini, alianza Mzee Gaspar.

— Mzee Kifungu, nakuomba.

— Nisikilize kwanza. Kisheria hujakosa. Kuna kitu kinaitwa janga lisilozuilika. Mafuriko, radi, tetemeko. Mtandao kuzimwa unaingia humo humo.

— Radi haina ofisi, mzee. Radi haisaini barua.

Mzee Gaspar ni mstaafu wa masjala ya halmashauri. Miaka yake yote ya kazi alikuwa akipanga mafaili ya watu wengine, na sasa hana faili hata moja, ila vifungu vimebaki kichwani, navyo vinamtoka hata akiombwa chumvi. Hakuchukia. Alisonya taratibu, akapokea kashata kwa Mwinshehe.

Brightson aliona amevuka mpaka. Mdomo wake ndivyo ulivyo. Kwao walimuonya, chuoni walimuonya, kwenye usaili wa mwisho aliofanya mtu mmoja mwenye tai alimuuliza anajionaje baada ya miaka mitano, akajibu: "Nikiwa nafanya usaili, kama leo." Hakuitwa tena. Shahada yake ni ya biashara. Somo la mikakati alipata A. Walifundishwa kuchora mshindani huku, mteja kule, mishale ikienda na kurudi, na mfano ulikuwa kampuni fulani ya viatu ya Marekani ambayo haijawahi kusimama nje ya ofisi ya mtendaji wa kata ikisubiri muhuri.

— Unajua kinachoniuma nini? alisema, safari hii bila ukali. Mie nilisoma strategy. Semesta nzima. Hakuna slaidi hata moja iliyosema kuna mtu mahali ana swichi.

— Wangesema ungelipa ada? aliuliza Taher.

— Ada bado nadaiwa, Bawaba.

Hata Mzee Gaspar akacheka.

Biashara yenyewe ilianza kwa huruma. Jirani yake mmoja, Mnyakyusa, alifiwa na dada Tukuyu, akakosa nauli, akawa amekaa kibarazani anasimuliwa mazishi kwa simu: sasa wanashusha, sasa wanatupa udongo. Brightson akaona hapo pana kazi. Akampigia Fredrick, mwenzake wa chuo, ambaye alirudi kwao Kagera na shahada yake na sasa anaendesha bodaboda. Wakawapata wengine, mmoja Moshi, mmoja Tukuyu. Wote wana digrii, wote hawana ajira, kila mmoja na simu moja iliyofungwa kwenye mguu wa kamera. Watu walilia wakiwa Sinza, wakiwa Mbagala, wakawa wanasema asante kijana, nimemzika.

Halafu zikaja kanuni. Ikasemekana anayerusha picha kwa watu ni sawa na televisheni, awe na leseni ya televisheni. Brightson akauliza leseni ya televisheni kwa simu nne, akaonyeshwa mlango. Akahamia kwenye app nyingine ya siri kidogo, ikafungiwa. Talha akamwekea VPN ya kuzunguka. Ikatoka habari kwamba VPN nayo lazima uitolee taarifa. Kila akikaa akisema sasa nimetulia, nakuza kazi, anaambiwa ahame. Mwisho ndipo Mzee Gaspar, hapa hapa, ameegemea meno haya haya, alipotoa ushauri ambao kijiwe kizima kiliupigia makofi: televisheni ni kutunza na kusambaza. Usipotunza, ni simu tu ya video ndani ya familia. Simu ya familia nani ataikatia leseni? Zima kitufe cha kutunza. Ipite hewani, iishe.

Brightson alizima kitufe. Talha ndiye aliyemwonyesha kilipo.

— Basi tuangalie mbele, alisema Mzee Mwinshehe, akichochea mkaa. Huyo dada akija akukute una mpango. Mtu mwenye mpango hatukanwi sana. Kifungu, anza wewe, maana ndiwe uliyetufikisha hapa.

— Mie niliwafikisha kwa nia njema.

— Tunajua. Anza.

Mzee Gaspar alijiweka sawa, akawa kama yuko masjala.

— Tatizo ni jina. Neno mubashara linawashtua wakubwa. Kijana ajisajili kama kikundi cha kufa na kuzikana. Katiba, mwenyekiti, mweka hazina. Kikundi cha kuzikana hakiombwi leseni ya mtandao hata siku moja.

— Na wateja?

— Si wateja tena, ni wanachama.

— Kwa hiyo mtu akifiwa Jumatatu, Jumanne anajiunga?

— Anajiunga kabla. Watu wajiunge wakiwa na afya.

— Mzee, nikamwambie nani, "Samahani, baba yako atakufa lini, nikuandikishe?"

— Lugha tu. Utasema huduma za awali.

— Hiyo haifai, alidakia Talha. Nyie mnahangaika na makaratasi, ishu ni mawimbi. Sikilizeni. Kule Kagera, ukisogea juu, simu inashika laini ya Uganda yenyewe. Hujawahi kusikia? Unaamka asubuhi unakaribishwa Uganda na uko chumbani kwako. Sasa wakizima huku, kule hawajazima. Fredrick awe na laini ya Uganda, mchezo umekwisha.

— Kamachumu hakushiki Uganda.

— Basi msiba usogezwe.

— Usogezwe wapi?

— Mpakani! Mnamuaga marehemu mpakani, anapeperushwa kwa laini ya jirani, mnarudi naye kumzika.

— Faivuji, mzee wa watu amekufa kwa kifua halafu unamsafirisha kwenda kutafuta netiweki?

— Watu wazima wanatafuta netiweki juu ya miti, wakiwa hai na akili zao!

— Wao wanashuka.

Vicheko vikaanza kupanda. Mpita njia mmoja mwenye toroli la maji aligeuka kuangalia. Mzee Mwinshehe aliinua mkono wenye koleo la mkaa, akaomba nafasi.

— Nyie wote mnacheza pembeni. Hii ni siasa, na siasa inatakiwa kusalimiwa. Kila msiba ukianza, dakika za mwanzo, ziwe salamu za rambirambi za mheshimiwa. Picha kubwa. Anatabasamu kwa huzuni. Ndipo jeneza lije. Nani atazima mtandao picha ya mheshimiwa iko hewani?

— Mheshimiwa yupi sasa?

— Yeyote aliyepo.

— Na akitumbuliwa katikati ya msiba?

— Unabadilisha picha kabla ya udongo.

— Na marehemu akiwa wa chama kingine?

Mzee Mwinshehe alifikiri kwa uzito kabisa, kikombe kikiwa kimesimama hewani.

— Hapo muwe na uchaguzi wa wafu. Wenye kadi, mubashara. Wasio na kadi, muwape picha za mgando.

Talha alijipiga paja. Mzee Gaspar alitoa leso, akafuta macho. Hata Brightson alihisi kitu kikimlegea kifuani, na alikasirika kwa kulegea kwake, kwa sababu barabara ilikuwa bado ipo na jua lilikuwa linashuka.

— Bawaba, na wewe sema. Wewe ndiye mfanyabiashara wa kweli hapa.

Taher aliangalia duka lake.

— Babu yangu alikuwa na jengo, alisema. Ghorofa. Akalala nalo, akaamka halipo. Jengo lipo, la kwake halipo, limetaifishwa. Baba yangu akaanza upya na magari mawili, zikaja sheria za magari, akayauza. Mie nikakaa chini nikafikiri. Nikasema, nitauza kitu ambacho waziri yeyote hawezi kukiota usingizini. Ndiyo nikauza bawaba. Komeo. Misumari. Hakuna aliyewahi kupiga marufuku bawaba.

— Kwa hiyo unanishauri niuze bawaba?

— Nakushauri uwe mdogo. Mtu akiangalia kutoka juu, asikuone.

— Nimesoma miaka yote ile ili nisionekane?

— Mie sikusoma, na sionekani. Wewe umesoma, umeonekana.

Hakuna aliyecheka hapo. Lilikuwa neno la upole, na ndiyo maana lilikata. Brightson aliangalia miguu yake tu, viatu vyake vya usaili, soli imeanza kufunguka mdomo.

Mzee Gaspar, aliyekuwa hapendi kimya, akaokoa jahazi kwa kuligongesha zaidi.

— Ngojeni. Nimepata. Suluhisho ni mkataba. Tunaweka kifungu. Tatizo huwa linakuja lini? Mwaka wa uchaguzi. Uchaguzi ni lini? Kila baada ya miaka mitano. Basi: "Mteja haruhusiwi kufiwa katika mwaka unaogawanyika kwa tano."

Kijiwe kililipuka. Talha aliteleza kwenye benchi, Mwinshehe alikohoa mpaka birika likatikisika, Taher mwenyewe alificha meno kwa kikombe.

— Na akifiwa?

— Amevunja mkataba!

— Marehemu je? Naye ashtakiwe?

— Mshtakiwa wa pili!

— Apewe muda wa kujitetea!

— Afe mwaka unaofuata, Januari, mtandao ukiwa umetulia!

Brightson alicheka. Alicheka kwa sauti, kichwa nyuma, kimegusa yale meno ya bango, na alipokuwa bado anacheka alimwona mwanamke amesimama mbele ya mkaa, gauni jeusi la msiba, mkoba umebanwa kwapani, viatu vya kazini vimejaa vumbi. Hakujua amesimama hapo tangu neno lipi.

— Shikamooni wazee, alisema Demetria.

— Marahaba, mama. Marahaba.

— Namuulizia kaka Brightson.

Brightson alisimama. Talha naye alisimama, ampishe, kisha wote wakajikuta wamesimama kasoro Mzee Gaspar, ambaye magoti yake hayaharakishi. Demetria alikaa ukingoni pale alipopishwa, hakuegemea.

— Poleni na kazi, alisema. Nilisikia mnacheka, nikasema bora nimekuta watu wana furaha. Kwangu kumepoa.

— Pole sana mwanangu, alisema Mzee Mwinshehe. Pole sana. Tulisikia.

— Asante baba. Yeye alikuwa mgonjwa muda. Ni vile tu sikufika. Nilienda stendi na begi, wakaturudisha.

— Wiki ile, alisema Taher.

— Wiki ile.

Alifungua mkoba, akatoa flash ndogo nyekundu iliyofungwa kwenye uzi.

— Nimekuja na hii, kaka Brightson. Sikutaka utumie kwa simu. Mwanangu ananichukuaga simu, anafuta vitu. Niwekee humu.

Flash ilikuwa mkononi mwake, mkono umenyooshwa. Brightson aliiangalia. Talha alikohoa.

— Dada, hizi faili za mazishi huwa nzito, alianza Talha. Lile la mzee limepata hitilafu kidogo, korapsheni, lakini wataalamu tupo kwenye—

— Talha, alisema Brightson.

— Namweleza tu kwamba—

— Acha, braza.

— Kwa hiyo itapatikana? Demetria aliuliza, akimgeukia Talha, uso umefunguka ghafla kama dirisha. Hata ikiwa na mikwaruzo. Hata bila sauti. Mie sauti siitaki.

Hicho ndicho alichokuwa anakiogopa Brightson tangu asubuhi, huo uso. Laiti angekuja na matusi.

— Haipo, dada, alisema. Haikutunzwa. Nilikujibu vibaya siku ile, nilijibu kwa mazoea. Kitufe cha kutunza nilikuwa nimekizima. Mtandao ulipokatika hakukuwa na kitu kinachoingia popote.

— Kwa nini ulikizima?

Swali la mtoto wa darasa la kwanza. Brightson alianza kulijibu. Akasema kanuni, akasema leseni, akasema maudhui, akasema compliance, akasikia anaongea Kiingereza, akaacha. Aliwatazama wenzake. Talha alikuwa anakwangua rangi kwenye benchi kwa ukucha.

— Ni mie niliyemshauri, alisema Mzee Gaspar kutoka alipokaa. Nilidhani tunamkinga.

— Tulimshauri wote, alisema Mwinshehe.

Demetria alitikisa kichwa taratibu, akarudisha flash kwenye mkoba, akafunga zipu mpaka mwisho. Hakupandisha sauti.

— Nyie mnafikiri nataka kuangalia mazishi. Mazishi nimeyaona mengi. Nilikuwa nataka kuona kitu kimoja.

— Kitu gani, mama?

— Baba alikuwa anasikia baridi. Kamachumu kuna baridi, si kama huku, na mwishoni mwili wake ulikuwa umeisha. Kila nikipiga simu: mwanangu, nasikia baridi. Nikamnunulia sweta. La kahawia, la vifungo, zito. Nikalituma kwa basi, kabla mabasi hayajasimama. Siku liliyofika ndiyo siku aliyofariki. Nikawaambia basi mvalisheni, asiende hivyo. Wakasema sawa.

Mkaa ulipasuka kidogo chini ya birika.

— Shangazi anasema alivaa. Kaka yangu anasema alivaa suti, sweta liliwekwa miguuni. Binamu anasema sweta lilichelewa, liko kwenye kabati. Nikiwauliza tena wote wanasema ndiyo, ndiyo, alivaa, tulia. Wananipoza. Najua wananipoza. Na simu zao hawakutoa, mkubwa wa ukoo alikataza, alisema wiki hii mtu asipige picha yoyote, mtaleta askari msibani. Nikasema haidhuru, kaka Brightson ana mtu wake pale, huyo mmoja wamemruhusu kwa ajili ya tulioko mbali. Yule hana undugu na sie. Yule hawezi kunipoza.

Brightson alikuwa ameshatoa simu. Kwa siku zote hizo alimuuliza Fredrick jambo moja tu, kuna faili au hakuna. Hakuwahi kumuuliza aliona nini. Alipiga, akaweka spika, akaishika simu katikati ya watu. Iliita sana. Ikapokewa kwa upepo na mlio wa pikipiki.

— Mubashara! Niko na abiria, fanya haraka.

— Fredy, simama pembeni. Niko na mtoto wa marehemu. Yule mzee wa Kamachumu.

Mlio ulipungua, ukazimika.

— Dada, pole sana. Mie sijui hata niseme nini. Siku ile nilijitahidi.

— Asante, Fredrick. Sikulaumu. Nina swali moja tu. Wakati wa kuaga ulikuwa karibu na jeneza?

— Karibu kabisa, dada. Upande wa kichwani. Walinipa nafasi wenyewe, wakasema huyu asisukumwe, huyu anawashikia walioko mbali. Nilisimama hapo tangu wanafungua mpaka wanafunika.

Demetria alisogea mbele, mikono miwili imeshika ukingo wa benchi.

— Basi niambie. Baba yangu walimvalisha sweta?

Upepo wa Kagera ulisikika ndani ya simu, Chanika nzima ikawa inausikiliza. Mzee Mwinshehe alikuwa ameshika birika, hamimini. Midomo ya Talha ilikuwa inajisemea peke yake, bila sauti: sema ndiyo, sema ndiyo.

— Sweta, dada?

— La kahawia. La vifungo.

— Dada… nisikudanganye. Mie nilikuwa naangalia mtandao.

— Ulikuwa hapo kichwani.

— Nilikuwa hapo. Lakini kioo kilikuwa cheusi, kuna kile kimduara kinazunguka. Nikawa nasema sasa hivi unarudi, sasa hivi unarudi, ukirudi nisiukose hata sekunde moja, dada anasubiri Dar. Watu wanapita, nasikia wanalia, mie macho kwenye kimduara. Nilipoinua uso walikuwa wanapigilia misumari.

Brightson aliinamia simu mkononi. Ni yeye aliyemfundisha Fredrick hivyo. Ndiyo kanuni ya kwanza aliyompa kila kijana wake: msiba una watu wa kuuangalia, wewe usiuangalie, wewe angalia mtandao.

Demetria akauliza, kwa sauti ndogo, karibu ya adabu:

— Na baridi? Siku ile kulikuwa na baridi?

— Hiyo ndiyo, dada, Fredrick alisema haraka, kwa afueni ya mtu aliyepata hatimaye cha kujibu. Hiyo ilikuwepo. Mvua ilinyesha tangu alfajiri. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi, mpaka simu inanicheza mkononi.

— Asante, alisema Demetria.

Brightson alikata simu. Mzee Mwinshehe alichukua kikombe kisafi, akakisuuza mara ya pili bila sababu, akainamisha birika amkaribishe mgeni. Yalitoka machicha. Alilitikisa, akaliinamisha zaidi, yakatoka machicha tena.

— Imeisha, alisema, kama anayeomba radhi kwa kitu kingine.

— Haidhuru, baba. Mie kahawa sinywi.

Alisimama, akawaaga mmoja mmoja, hata Brightson, kwa jina. Jua lilikuwa bado linachoma, vumbi linapaa, na watu wa toroli za maji walikuwa vifua wazi. Demetria alitoa mtandio kwenye mkoba, akajifunika mabega, akaubana vizuri shingoni, akashika njia ya kuelekea kwenye lami.

Waliobaki walikaa. Mkaa ukawa unazimika wenyewe. Hakuna aliyeegemea.